Baka Lisilohisi: Seli za Neva, Seli Saidizi Zake na Ukoma Kisiwani Pemba

Utangulizi

Mkulima wa mwani, mwanamke wa makamo, anafika katika kituo cha afya Wilaya ya Micheweni akiwa na kidonda cha unyayo. Hakumbuki alikanyaga nini. Maji yalipokupwa alikwenda shambani kama kawaida, akafunga kamba zake kwenye vigingi, akarudi nyumbani. Mtoto wake ndiye aliyeona damu kwenye mkeka. Kidonda kinasafishwa na kufungwa, naye anapewa dawa na kuambiwa arudi baada ya siku chache. Swali moja linabaki bila kuulizwa: kwa nini hakikumuuma?

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini kila mtoa huduma aliyefanya kazi pwani atautambua. Maumivu ni mlinzi wa mwili. Mlinzi huyo anapokuwa kimya, tatizo halimo kwenye ngozi ya unyayo tu. Limo kwenye waya mrefu unaotoka kwenye unyayo hadi uti wa mgongo, na mara nyingi limo kwenye seli zinazouzunguka na kuutunza waya huo. Somo hili linaeleza muundo na kazi za seli za neva na seli saidizi zake, kisha linatumia ukoma kuonyesha yanayotokea seli saidizi zinaposhambuliwa.

Msomaji akimaliza somo hili ataweza: kutaja sehemu kuu za seli ya neva, kueleza kazi za seli saidizi za ubongo na za neva za pembezoni, kueleza kwa nini ukoma huleta ganzi, na kuchunguza kwa njia rahisi neva za mgonjwa mwenye baka au kidonda kisichouma.

Neno “mshipa” na tahadhari yake

Kabla ya kuingia ndani ya somo, neno moja lahitaji kufafanuliwa. Katika mazungumzo ya kila siku, “mshipa” huweza kuwa njia ya damu, kano inayounganisha msuli na mfupa, au neva. Katika pwani yetu neno hilo hilo hutajwa pia kwa maana ya ngiri au busha. Mgonjwa akisema “mshipa umenikamata”, mtoa huduma asifanye haraka kuandika. Amwombe aonyeshe kwa kidole mahali panapohusika. Katika somo hili neno “neva” litatumika kwa maana ya mshipa wa fahamu peke yake.

Seli ya neva: umbo linalofuata kazi

Seli ya neva, au nyuroni, ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni mwili wa seli, wenye kiini ambamo mna vinasaba, na wenye viwanda vya kutengeneza protini. Ya pili ni dendraiti, yaani matawi mafupi mengi yanayopokea taarifa kutoka seli nyingine. Ya tatu ni aksoni, tawi moja refu linalopeleka taarifa mbali. Mahali ambapo aksoni hukutana na seli nyingine huitwa sinapsi. Hapo taarifa huvuka pengo dogo mno kwa njia ya kemikali, na seli ya upande wa pili huipokea na kuitikia.

Umbo hili hufuata kazi. Seli nyingi za mwili haziwezi kuonekana bila hadubini, na mwili wa nyuroni nao ni mdogo vivyo hivyo. Hata hivyo, aksoni inayokwenda kwenye kidole gumba cha mguu wa mtu mzima huweza kuwa na urefu unaokaribia mita moja. Ncha ya aksoni haiwezi kujitengenezea mahitaji yake yote; protini nyingi hutengenezwa kwenye mwili wa seli, kisha husafirishwa ndani ya aksoni kama shehena. Usafirishaji wa haraka hufikia takriban milimita 400 kwa siku. Kwa hiyo shehena inayotoka karibu na uti wa mgongo huhitaji zaidi ya siku mbili kufika kwenye kidole cha mguu. Ndiyo sababu magonjwa mengi ya neva huanzia miguuni: njia ndefu kuliko zote ndiyo rahisi zaidi kukatika.

Ubongo wa mtu mzima una takriban nyuroni bilioni 86. Nyingi kati yake hazizaliwi upya zikifa, na mtu huishi na zile alizonazo. Hilo pekee latosha kueleza kwa nini kuziwahi kabla hazijafa ni bora kuliko tiba yoyote ya baadaye.

Msukumo wa neva na funzo la karafuu

Nyuroni iliyotulia huwa na chaji hasi upande wa ndani wa utando wake, kiasi cha milivolti 70 chini ya upande wa nje. Tofauti hii hutunzwa na pampu zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Seli inapochochewa, milango midogo ya sodiamu iliyomo kwenye utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na chaji hugeuka kwa muda mfupi sana. Mgeuko huo huchochea milango ya sehemu inayofuata, nayo ya inayofuata, mpaka taarifa ifike mwisho wa aksoni. Huo ndio msukumo wa neva.

Wapemba wameujua ukweli huu kwa vitendo kabla haujaandikwa vitabuni. Mwenye jino linalouma huweka punje ya karafuu juu ya jino, na baada ya muda mahali hapo hufa ganzi. Mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa pia kutoka kwenye makonyo katika kiwanda cha Wawi, yana kemikali iitwayo yujenoli. Miongoni mwa kazi zake ni kuziba milango ya sodiamu ya neva. Mlango ukizibwa, msukumo hauanzi, na maumivu hayafiki kwenye ubongo. Dawa za ganzi zinazotumiwa na madaktari wa meno na wapasuaji hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Ganzi ya karafuu ni ya muda, kwa sababu neva yenyewe ni nzima. Mlango tu ndio uliofungwa. Ganzi ya mkulima wa mwani ni ya aina nyingine. Ili kuielewa, lazima kuwatazama majirani wa nyuroni.

Seli saidizi: majirani wanaobeba mzigo

Mwaka 1839 Theodor Schwann wa Ujerumani alieleza seli zinazofunika nyuzi za neva, na jina lake limebaki nazo hadi leo. Mwaka 1856 mwenzake Rudolf Virchow alizipa seli zilizo kati ya nyuroni za ubongo jina lenye maana ya gundi, kwa kudhani kuwa kazi yake ni kushikilia tu. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia aligundua rangi iliyowezesha nyuroni nzima kuonekana chini ya hadubini, na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania akaitumia kuonyesha kuwa kila nyuroni ni seli inayojitegemea. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Leo inafahamika kuwa seli saidizi si gundi. Ndani ya ubongo idadi yake inakaribiana na ile ya nyuroni, na bila yake nyuroni haziwezi kuishi.

Katika ubongo na uti wa mgongo kuna aina nne kuu. Astrosaiti, zenye umbo la nyota, hulisha nyuroni, husafisha kemikali zilizobaki kwenye sinapsi, na husaidia kulinda mpaka kati ya damu na ubongo. Oligodendrosaiti hutengeneza mayelini, yaani utando wa mafuta unaoviringishwa kuzunguka aksoni; seli moja huweza kuhudumia aksoni nyingi. Mikroglia ni askari na wafagizi, hula vimelea na mabaki ya seli zilizokufa. Seli za ependima hutandaza kuta za vyumba vya ubongo na kusaidia mzunguko wa maji yaliyomo.

Nje ya ubongo na uti wa mgongo, yaani mikononi, miguuni na usoni, msaidizi mkuu ni seli ya Schwann. Nayo ina namna mbili za kufanya kazi. Zipo zinazotengeneza mayelini: kila moja hujiviringisha mara nyingi kuzunguka kipande kimoja cha aksoni moja nene. Kati ya kipande na kipande huachwa pengo dogo liitwalo kifundo cha Ranvier. Msukumo hauhitaji kutambaa urefu wote wa aksoni. Huruka kutoka kifundo hadi kifundo, kama mtu avukaye kijito kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Kwa njia hiyo kasi ya msukumo huweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Namna ya pili ni seli za Schwann zisizotengeneza mayelini. Kila moja hukumbatia aksoni kadhaa nyembamba, ambazo kasi yake ni kama mita moja tu kwa sekunde. Aksoni hizi nyembamba ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya taarifa za joto na maumivu.

Seli ya Schwann ina kazi nyingine ya thamani. Aksoni ya mkono ikikatika, seli za Schwann husafisha mabaki, hujipanga mstari, na kutoa kemikali zinazoiongoza aksoni mpya kwenye njia yake ya zamani. Ukuaji huo ni wa polepole, takriban milimita moja kwa siku. Neva iliyoumia kwenye kiwiko, iwapo itapona, huhitaji zaidi ya mwaka mmoja kufika kwenye ncha za vidole. Uwezo huu wa kuota upya haupo kwa kiasi hicho ndani ya ubongo na uti wa mgongo.

Ukoma: ugonjwa wa seli ya Schwann

Ukoma, ambao katika lugha yetu una majina ya kale ya matana na jedhamu, husababishwa na bakteria aliyeonwa mara ya kwanza na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwe, mwaka 1873. Bakteria huyu, Mycobacterium leprae, ana tabia tatu zinazoeleza karibu dalili zote za ugonjwa.

Kwanza, huipenda seli ya Schwann. Hushikamana na protini zilizo kwenye uso wake, kisha huingia na kuishi ndani. Hushambulia hasa zile zisizotengeneza mayelini, na hapo ndipo zilipo aksoni za joto na maumivu. Kwa hiyo mgonjwa huweza kupoteza hisia ya moto na ya kuchomwa ilhali mkono bado una nguvu. Mpishi huinua sufuria ya moto kutoka jikoni bila kitambaa. Mchumaji wa karafuu hukwaruzwa na tawi bila kujua.

Pili, hupenda ubaridi. Hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 30 hivi, chini ya joto la ndani ya mwili. Ndiyo sababu huathiri ngozi, masikio, pua, na neva zinazopita karibu na ngozi: neva ya alna kwenye kiwiko, neva ya peronea nyuma ya goti kwa upande wa nje, neva ya tibia kwenye kifundo cha mguu, na neva ya uso. Ubongo na uti wa mgongo, vyenye joto na vyenye oligodendrosaiti badala ya seli za Schwann, husalimika. Mgonjwa wa ukoma hapotezi akili wala kumbukumbu kwa sababu ya ugonjwa huu.

Tatu, huzaliana polepole mno; huchukua takriban siku 12 hadi 14 kugawanyika mara moja. Kwa hiyo dalili huweza kujitokeza miaka mitano, wakati mwingine hata miaka 20, baada ya kuambukizwa. Ndiyo sababu familia nyingi hushindwa kuhusisha ugonjwa na chanzo chake, na badala yake hutafuta maelezo katika laana au husuda.

Bakteria peke yake si adui wa pekee. Madhara makubwa ya ghafla hutokana na mcharuko, yaani mwitiko mkali wa kinga ya mwili dhidi ya bakteria walio hai au waliokufa. Neva huvimba ndani ya ala yake isiyotanuka, mishipa midogo ya damu hubanwa, na aksoni hunyimwa chakula na oksijeni. Katika siku chache mkono huweza kulegea. Mcharuko huweza kutokea kabla ya matibabu, wakati wa matibabu, au baada ya kuyamaliza.

Hali ilivyo nchini

Tanzania ilifikia mwaka 2006 lengo la kitaifa la kuwa na chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Mafanikio hayo yamezaa hatari mpya: wahudumu vijana wengi hawajawahi kumwona mgonjwa wa ukoma, na ugonjwa usiotarajiwa hautambuliwi. Wagonjwa wapya bado wanapatikana kila mwaka, Bara na Zanzibar. Mgonjwa anayegunduliwa akiwa tayari na vidole vilivyopinda ni dalili kwamba fursa nyingi zilipita kabla yake.

Uchunguzi katika kituo cha afya

Uchunguzi hauhitaji mashine. Unahitaji mwanga wa kutosha, faragha, pamba, kalamu na subira.

1. Ngozi. Mgonjwa akaguliwe mwili mzima kwa staha. Baka la ukoma huwa jeupe kidogo kuliko ngozi ya kawaida au jekundu. Kwa kawaida haliwashi. Choa na mba mara nyingi huwasha, na hisia haipotei.

2. Hisia. Mgonjwa aelezwe jaribio akiwa ametazama, kisha afumbe macho. Aguswe kwa ncha ya pamba kwenye ngozi nzima na kwenye baka, na aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Viganja na nyayo zipimwe kwa kugusa taratibu kwa ncha ya kalamu.

3. Neva. Mtoa huduma apapase neva za alna, peronea na tibia za pande zote mbili na kulinganisha. Aangalie uso wa mgonjwa wakati huo. Neva nene au yenye maumivu ni ishara muhimu.

4. Nguvu za misuli. Mgonjwa afumbe macho kwa nguvu, atanue kidole kidogo, ainue kidole gumba, akunje kifundo cha mkono kwa nyuma kwa kuinua kiganja, na ainue wayo. Matokeo yaandikwe na kurudiwa kila mwezi.

Si kila ganzi ni ukoma. Kisukari nacho hudhuru aksoni na seli za Schwann. Ganzi yake kwa kawaida huanza kwenye nyayo zote mbili kwa usawa, bila mabaka na bila neva kunenepa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi huweza kupata ganzi kwa upungufu wa vitamini B6. Hata hivyo, baka lenye kupoteza hisia kabisa ni dalili yenye uzito wa pekee: mgonjwa huyo ni wa ukoma mpaka ithibitike vinginevyo.

Matibabu na jambo la minyoo

Tiba ya ukoma ni mchanganyiko wa rifampisini, klofazimini na dapsoni: miezi 6 kwa wenye mabaka yasiyozidi matano, na miezi 12 kwa wenye zaidi. Tangu mwaka 1995 dawa hizi hutolewa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa aambiwe mapema kuwa mkojo utakuwa mwekundu baada ya rifampisini na ngozi itakuwa nyeusi kidogo kwa klofazimini. Asipoambiwa, huweza kuacha dawa. Dapsoni huweza kupunguza damu, hasa kwa wenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika pwani yetu.

Dawa hizi huua bakteria, lakini hazifufui aksoni iliyokufa. Kwa neva iliyovimba au iliyopoteza nguvu katika kipindi kisichozidi miezi 6, tiba ni prednisoloni, inayopunguza mcharuko. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Hapa kuna tahadhari inayoihusu Pemba kipekee. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, imekuwa ikitafiti minyoo ya kisiwa hiki tangu mwaka 2000. Mmoja wa minyoo ya udongo wa joto, strongiloidi, huweza kuishi mwilini kwa miaka mingi bila dalili, kisha kuzaliana kupita kiasi na kuua pale kinga inaposhushwa na prednisoloni. Kwa hiyo mgonjwa apatiwe tiba ya minyoo kabla ya kuanza dawa hiyo, na mtoa huduma akumbuke kuwa ivermektini hufanya kazi vyema zaidi dhidi ya strongiloidi kuliko albendazoli.

Kwa mgonjwa na familia yake

Ukoma unatibika. Watu wengi sana wanaokutana na bakteria huyu hawaugui kamwe, kwa sababu kinga yao humshinda. Mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza muda mfupi tu baadaye. Hapaswi kutengewa sahani, kitanda wala mkeka wa sala. Wanaoishi naye wachunguzwe, na wale wasio na ugonjwa huweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga kwa ushauri wa mtoa huduma.

Penye ganzi, macho na wafanye kazi ya neva. Nyayo zikaguliwe kila jioni, ziloekwe kwenye maji ya kawaida, zipakwe mafuta. Viatu vivaliwe shambani na ufukweni. Sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene. Jicho lisilofumba lilindwe na vumbi na jua. Maumivu mapya ya neva, uvimbe au udhaifu wa ghafla si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi. Mgonjwa arudi kituoni siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mgonjwa wa ukoma huweza kushika kitu kwa nguvu lakini asihisi moto wake?
2. Taja tofauti mbili kati ya oligodendrosaiti na seli ya Schwann.
3. Mgonjwa amemaliza dawa miezi mitatu iliyopita. Leo kidole chake kidogo hakitanuki. Utafanya nini?
4. Ni tiba gani itangulie prednisoloni, na kwa nini?

Hitimisho

Turudi kwa mkulima wa mwani. Iwapo mtoa huduma angeuliza kwa nini kidonda hakikuuma, angegusa unyayo kwa kalamu, angepapasa neva nyuma ya kifundo cha mguu, na pengine angeona baka mgongoni ambalo mwenyewe hajawahi kuliona. Dakika kumi zingetosha. Seli ya Schwann iliyovamiwa haina sauti, na aksoni iliyonyamaza haiwezi kulalamika. Kazi ya kuisemea ni ya yule anayemchunguza mgonjwa. Kidonda kinachouma humleta mgonjwa kituoni chenyewe. Kile kisichouma ndicho kinachohitaji kuulizwa.